Watoto Wetu na Vyama vya Kutumikia Watu



Mwezi huu twataka kusema nanyi habari ya watoto wetu, na hasa habari ya moyo wa kujiamini. Wazazi wengi wa huku Mpuguso, na walimu pia, hutujia na neno moja. Husema, "Mtoto huyu ana haya mno. Mgeni akimwuliza jina lake, huinama akachora ardhi kwa kidole cha mguu. Darasani jibu analijua, lakini mkono haunyoshi. Tumfanyeje?"

Wengine humpa mtoto maneno matamu kutwa kucha, wakimwambia ya kuwa yeye ni hodari, wala hana mfano wake. Wengine humkaripia, wakidhani ya kuwa haya hutolewa kwa fimbo. Sisi tumeziona njia hizi mbili, nazo hazifiki mbali. Sifa pasipo kazi ni kama moto wa majani makavu ya migomba: huwaka kwa kishindo, mara ukazimika. Na fimbo humfundisha mtoto kuiogopa fimbo, basi.

Iko njia ya tatu, nayo ndiyo tunayotaka kuieleza. Ni kumtia mtoto katika chama cha wenzake wanaofanya kazi ya kuwafaa watu. Si kazi ya kuigiza, bali kazi ya kweli, ambayo isipofanyika mtu fulani atapungukiwa. Mtoto akijua ya kuwa yuko mtu anayemngojea, moyo wake husimama wenyewe.

Jambo hili si geni katika nchi yetu ya Rungwe. Wazee wetu Wanyakyusa walikuwa na desturi ambayo watu wa mbali waliposikia habari zake walistaajabu. Mvulana wa miaka sita au saba alianza kuchunga ng'ombe wa babaye pamoja na wavulana wenzake. Alipopata miaka kama kumi, aliacha kulala nyumbani mwa wazazi, akaenda na rika lake wakajenga vibanda vyao mahali pao. Chakula walikula kwa mama zao, kundi zima pamoja, leo kwa mama huyu, kesho kwa mama yule. Na mashamba ya baba zao ndio waliokuwa wakiyalima. Kijiji kilikuwa na kiongozi wake, na mashauri yao waliyakata wenyewe. Bibi Monica Wilson, aliyezaliwa Afrika ya Kusini, alikuja wilayani kwetu pamoja na mumewe Godfrey kati ya mwaka 1934 na 1938, nao wakauliza na kuandika. Mwaka 1951 Bibi huyo alitoa kitabu kizima juu ya vijiji hivyo vya rika. Alilishika sana neno letu ukwangala, yaani kukaa vema na wenzako, kuzungumza nao na kula nao, na kujifunza utu katika kukaa huko.

Hatusemi ya kwamba turudi huko. Ardhi imekuwa haba, na mashamba ya migomba, kahawa na chai hayahamishwi kama vibanda vya wavulana. Tena desturi ile iliwasahau wasichana. Wao walibaki kwa mama zao hata walipoolewa, na wengi waliolewa wangali wadogo. Lakini twataka msomaji aone jambo moja. Wazee wale hawakumwambia mtoto, "Jiamini!" Walimkabidhi ng'ombe. Ng'ombe ni mali ya nyumba nzima; akipotea, jioni watu wote watajua. Mtoto aliyewarudisha ng'ombe wote zizini hakuhitaji kuambiwa ya kuwa yeye ni mtu.

Wako wasemao ya kuwa vyama vya watoto ni mchezo ulioletwa na Wazungu. Kwa hiyo yafaa tuangalie jinsi chama kilicho mashuhuri kuliko vyote, yaani Skauti, kilivyoanza. Mwaka 1899 vilizuka vita kati ya Waingereza na Makaburu katika Afrika ya Kusini, na mji wa Mafeking ukazingirwa siku 217, hata Mei 1900. Mkuu wa askari mjini alikuwa Robert Baden-Powell. Watu wazima walikuwa wachache, basi wavulana wakapewa kazi ya kupeleka barua na habari toka mahali hata mahali. Vita si mahali pa watoto, nasi hatusifu jambo la kuwatia humo. Lakini Baden-Powell aliona ya kuwa mvulana akiaminiwa kwa kazi ya maana, huwa mtu mwingine. Mwaka 1907 alichukua wavulana kama 20, wengine wa matajiri na wengine wa maskini, akakaa nao kambini katika kisiwa cha Brownsea huko Uingereza. Aliwagawa katika makundi madogo, na kila kundi likaongozwa na mvulana, si mtu mzima. Mwaka 1908 alitoa kitabu chake, na punde si punde wasichana nao wakataka kuingia. Mwaka 1910 wakapata chama chao, Girl Guides. Mzee huyo alimalizia maisha yake Afrika ya Mashariki. Alifariki Nyeri, nchi ya Kenya, tarehe 8 Januari 1941, na kaburi lake liko huko huko.

Basi, yale aliyoyaona Mafeking ndiyo waliyoyajua wazee wetu katika machunga ya Rungwe. Mtoto hukua kwa kuaminiwa.

Twaweza kutaja na mfano wa nchini mwetu wenyewe. Mwaka 1991 wanafunzi 12 walikutana Dar es Salaam barazani kwa Bibi Jane Goodall, yule aliyeanza kuwachunguza sokwe wa Gombe, mkoani Kigoma, mwaka 1960. Walikuwa na huzuni kwa mambo waliyoyaona katika mitaa yao na pwani yao. Hakuwaambia wangoje wakubwa wayatengeneze. Aliwataka waanze wenyewe. Ndicho kilichokuwa chanzo cha Roots & Shoots, maana yake mizizi na machipukizi, chama ambacho leo kimeenea katika nchi nyingi za dunia. Bibi huyo alifariki Oktoba 2025, mwenye umri wa miaka 91. Tunalolipenda katika chama hicho ni hili: watoto hutazama kwanza wenyewe mahali pao, wakauliza ni nini kinachowapata watu, wanyama na nchi yenyewe, kisha huchagua kazi yao. Kazi uliyoichagua mwenyewe huikimbii upesi.

Sasa tuseme tuliyoyaona kwa macho yetu.

Karibu na kwetu liko kundi la watoto kumi na wanne, wavulana na wasichana, ambao hukutana Jumamosi asubuhi. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kumchotea maji na kumtafutia kuni bibi mmoja mzee, ambaye miguu imemkataa na watoto wake wako mbali. Siku ya kwanza walimwaga nusu ya maji njiani, na kuni walizoleta zilikuwa mbichi. Bibi hakuwasifu. Alisema, "Wajukuu zangu, moshi huu mtaula ninyi?" Wakacheka, wakaona haya, na juma la pili wakaleta kuni kavu.

Kati yao alikuwako mvulana mmoja ambaye watu wa mtaa walimjua kwa ugomvi na kwa kuiba mapera. Zamu ya kuongoza ilipomfikia, wazazi kadha walinung'unika. Ikawa Jumamosi hiyo mvua ya kwetu ikanyesha kama ijuavyo kunyesha, tangu alfajiri hata mchana, na watoto hawakwenda. Jioni yule bibi akamtuma jirani kuuliza, "Wale wajukuu wangu ni wazima? Leo sikuwaona." Hakulalamika juu ya maji, aliuliza habari zao. Habari hiyo ilipomfikia yule mvulana alinyamaza kitambo. Asubuhi yake, kabla ya watu kuamka, ndoo mbili za maji zilikuwa zimesimama mlangoni pa bibi. Tangu siku hiyo hatujasikia neno la mapera. Hatusemi ya kuwa amekuwa malaika. Ugomvi bado anao kidogo. Lakini amepata kujua ya kuwa asipokuja, pengo lake laonekana. Kwa mtoto aliyezoea kuambiwa kwamba afadhali asingekuwapo, neno hilo ni kubwa.

Kazi ya pili ilikuwa kupanda miti ya asili kandokando ya chemchemi, mahali ambapo mikaratusi ilikuwa imekatwa kwa sababu hunyonya maji mno. Kila mtoto alipewa sehemu yake ya kazi. Yuko msichana mmoja mwenye haya nyingi, ambaye mwalimu wake alituambia ya kuwa mwaka mzima hakulisikia jibu lake pasipo kumsogelea karibu. Huyo alipewa daftari. Kazi yake ilikuwa kuhesabu miti kila mwisho wa mwezi, na kuandika mingapi ni mizima, mingapi imekauka, mingapi imeliwa.

Baada ya miezi sita ulikuwako mkutano wa kitongoji. Mwenyekiti akauliza habari ya miti ya chemchemi. Mzee mmoja akasimama, kwa nia njema kabisa, akasema, "Mwenyekiti, miti yote inaendelea vizuri. Watoto wametufanyia kazi." Watu wakapiga makofi. Ndipo yule msichana akasimama katikati ya mama zake, ameshika daftari kwa mikono miwili. Sauti yake ilikuwa ndogo, hata watu wakanyamaza wapate kusikia. Akasema, "Shikamooni. Tulipanda miti 120. Iliyo hai ni 91. Mingi iliyokufa imeliwa na mbuzi."

Mzee yule hakufurahi, na mwenye mbuzi hakufurahi zaidi. Mtu mmoja akasema, "Mtoto anawasahihisha wakubwa?" Lakini mwenyekiti akaliomba lile daftari, akasoma ukurasa baada ya ukurasa, kisha akamrudishia mwenyewe mkononi. Mkutano ukakata shauri la kuzungusha ua, na yule mwenye mbuzi akawa wa kwanza kutoa miti ya kujengea.

Tuliyatafakari sana mambo ya siku ile. Mtoto huyu hakufundishwa kusema mbele ya watu. Hakuna aliyemwambia asimame. Kilichomwinua ni hesabu. Alikuwa analijua jambo ambalo wakubwa wote pale hawakulijua, naye alilijua kwa sababu alikwenda chemchemini mara sita kwa miguu yake na kutazama. Basi kumbe kujiamini si kupaza sauti, wala si kutoona haya. Haya yake angali anayo. Kujiamini ni kuwa na neno la kweli lililo lako, na kuona ya kuwa watu wanalihitaji.

Lakini, ndugu walimu, si kila kazi wafanyayo watoto huleta tunda hili. Twajua shule moja, ambayo hatutaitaja, ambako watoto waliochelewa walipelekwa kulima shamba, na walioshindwa hesabu walipelekwa kuchota maji. Mwalimu Nyerere alipotoa maandiko yake ya Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alitaka kazi ya mikono iwe sehemu ya elimu, na wanafunzi washiriki katika kuipanga. Kazi ikigeuzwa kuwa adhabu, mtoto hujifunza mambo mawili mabaya: ya kwamba jembe ni la wajinga, na ya kwamba kumtumikia mtu ni kushindwa. Tena viko vyama vinavyoishi siku za wageni tu. Watoto huvikwa skafu shingoni, hupangwa mistari, huimba, hupigwa picha. Na mgeni akiondoka, skafu hurudi kabatini. Mtoto si mpumbavu. Ajua kama yeye ni mtumishi au ni pambo.

Wazazi nao wana neno, nalo ni la haki. Mama mmoja alitujia akasema, "Mwalimu, huyu nyumbani hachoti hata kikombe. Kwenu amekuwa mchota maji wa kijiji. Na mimi je, si mzee wa kutumikiwa?" Tulimkubalia ya kuwa asemayo ni kweli. Chama kinachomwibia mama mikono ya mtoto wake si chama chema. Basi watoto wenyewe wakaketi, wakaweka kanuni ya kuwa kazi ya nyumbani hutangulia, na asiyemaliza kazi ya mamaye hatapewa zamu ya kuongoza. Siku za kuvuna viazi au kuchuma chai kwa wingi, kundi hupumzika. Mama yule baada ya majuma kadha akatuambia ya kuwa sasa mtoto huuliza mwenyewe asubuhi, "Mama, leo kuna nini?" Hapo zamani alikuwa akijificha nyuma ya migomba.

Kwa hiyo twatoa mashauri haya kwa kila nyumba au shule itakayotaka kuanza.

Kwanza, kazi iwe ya kweli na iwe ndogo. Chemchemi moja, mzee mmoja, njia moja ya kwenda shule. Kazi kubwa isiyokwisha huvunja moyo. Kazi ndogo iliyokwisha huuinua.

Pili, watoto wachague na waongoze kwa zamu. Makundi ya watoto sita hata wanane yatosha, kama Skauti wafanyavyo. Asiongoze yule mwenye sauti kubwa peke yake. Na mtu mzima azuie ulimi wake. Ni vigumu kumtazama mtoto akikosea kufunga mzigo nawe wajua njia iliyo bora. Lakini ukimpokonya kamba, umempokonya na kazi yenyewe.

Tatu, kila mtoto awe na kitu chake cha kutunza: daftari, ufunguo wa ghala la majembe, ndoo, orodha ya waliofika. Aliye dhaifu wa mwili naye apate chake. Mtoto asiyeweza kubeba maji aweza kumsomea mzee barua, aweza kuhesabu, aweza kujifunza kufunga jeraha kama vikundi vya Msalaba Mwekundu wafundishwavyo.

Nne, wasichana wasiachiwe ufagio na wavulana wakachukua uongozi. Hayo ndiyo makosa ya desturi ya zamani, wala hatuna sababu ya kuyarudia.

Tano, usalama. Mtoto asiende peke yake nyumbani mwa mtu. Waende watatu au zaidi, na mtu mzima aliye mwaminifu ajue walipo. Wakati wa masika wasivuke mto Kiwira wala vijito vyake. Mizigo iwe ya kadiri ya miili yao. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumfanyisha mtoto kazi ya kumdhuru, na neno la kusaidia watu halifuti sheria hiyo.

Sita, wakishindwa, wasiaibishwe mbele za watu. Ile miti 29 iliyokufa iliwafundisha zaidi kuliko ile 91 iliyopona, kwa kuwa waliruhusiwa kuisema.

Kwetu Mpuguso kiko chuo cha ualimu, na vijana wengi hupita hapo kabla ya kwenda kufundisha katika pande nyingi za nchi. Twawaomba ninyi mnaojiandaa kushika chaki mlichukue jambo hili pamoja na vitabu vyenu. Mtakutana na watoto wengi wachorao ardhi kwa kidole cha mguu. Msiwakaripie, wala msiwapake asali ya maneno. Watafuteni mtu aliye karibu na shule anayehitaji kitu kidogo, kisha wakabidhini watoto kazi hiyo, mrudi nyuma hatua mbili.

Nanyi wazazi, wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Lakini kumkunja mtoto si kumwinamisha. Jumamosi hii tazameni mtaani mwenu: ni nani ambaye maji yake yamekwisha, na ni chemchemi gani imezibwa na majani? Waulizeni watoto, maana mara nyingi wao ndio waliokwisha kuyaona. Kisha wapeni majembe, wapeni na daftari. Na watakaporudi jioni wakieleza waliyoyafanya, ketini mkasikilize hata mwisho.